Zamu ya Maji ya Wifi Nakiete

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu tulimzika wifi yangu Nakiete, dada wa marehemu mume wangu. Tangu hapo nimechoka, mwanangu, uchovu usioisha kwa kulala.

Juzi mjukuu wangu Neema, anayesoma kidato cha kwanza huko Same, alikuwa jikoni akisoma Kiingereza kwa sauti. "Give up," akasema. Mwalimu wao amewaambia ni kukata tamaa. Tena ni kuacha ulichokizoea, kama mtu anavyoacha pombe. Tena ni kumwachia mwenzako kilicho chako, kama kiti ndani ya basi. Akaniuliza inakuwaje neno moja libebe yote hayo. Mimi niliishia darasa la saba, Kiingereza sikijui. Lakini nilikumbuka siku moja.

Ulikuwa mwaka aliofariki mume wangu. Mvua ilikata, mahindi yakaanza kujikunja majani. Huku kwetu milimani maji ya mfereji hukusanywa kwenye ndiva, bwawa letu, na kila nyumba ina zamu yake ya kumwagilia. Yangu ilinipita nikiwa msibani. Nikaamua kuliacha shamba niteremke Makanya, nikatafute kibarua kwenye machimbo ya jasi. Wifi akasikia. Akaenda kwa msimamizi wa ndiva, akatamka mbele ya watu kwamba zamu yake ya kesho ni yangu.

Niliona haya, maana mahindi yake nayo yalikuwa yanakauka. Kesho yake nikakaa ndani nafunga mizigo, nikidhani nisipokwenda maji yatarudi kwake. Akaja mlangoni, jembe langu mkononi.

"Wifi, zamu niliyokwisha kuitamka hairudi kwangu. Ukikaa hapa maji yanakwenda kwa wenye mashamba ya chini, tunakosa wote wawili."

"Na mahindi yako?"

"Hayo yamezoea shida kama mwenyewe. Shika jembe. Makanya haihami."

Nikashika jembe. Nilivuna, si haba. Yeye alivuna kidogo sana, tukala pamoja kutoka ghala langu mpaka mvua zikarudi. Hakunisimanga hata siku moja.

Mwanangu, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Utachoka; kuchoka si dhambi. Ila kabla hujaliacha jambo, tazama nani ameacha lake kwa ajili yako. Na ukiachiwa, usikatae kwa haya, kwani vingine vikishatolewa haviwezi kurudi kwa mwenyewe, hupotea tu. Mungu akupe mtu wa kukujia mlangoni, na siku yako ikifika akupe miguu ya kumwendea mwingine.

Jana nilikwenda kwa msimamizi, nikatamka kuwa zamu yangu ya leo ni ya mke wa mtoto wa Nakiete, ambaye naye yake ilimpita msibani. Leo asubuhi sikumwona mferejini. Nikapanda mpaka kwake, nikachukua jembe lake lililoegemea ukuta, nikabisha hodi.