Kamba ya Mjomba

Juzi kwenye televisheni niliwaona vijana walinzi wa fulana za njano wameupa uwanja mgongo, macho kwa mashabiki. Nikamkumbuka mjomba, siku aliyopewa kulinda kamba ya kuzuia watazamaji kwenye mechi pale Temeke.

Kamba ilikuwa ya katani na ilinuka lami ya bandarini, alikofanya kazi. Sisi watoto tuliketi mchangani mbele kabisa, na nyuma yetu wakubwa walipiga madebe mpaka kifua kikatetema. Mjomba alisimama na bakora yake, akitutazama sisi badala ya mpira. Chuoni kwetu, tulikosoma Kurani, aliyekosea kusoma aligeuzwa uso ukutani. Basi nikajua mjomba kaadhibiwa, kumbe ile ilikuwa kazi ya mtu anayeaminika. Kwa huruma nikaanza kumtangazia.

“Mjomba, yule mfupi wetu anao! Kampita mmoja! Kampita wa pili!”

“Zuhura, rudi nyuma ya kamba!”

Sikunyamaza. Mara umati wote ukaruka, “Baooo!”, kamba ikavutika kama inakatika. Mjomba akaizuia kwa kifua, asigeuke hata kidogo. Kisha akaniinamia sikioni.

“Kafunga nani?”

“Yule mfupi! Kwa mguu wa kushoto!”

Jioni, barazani, aliwasimulia wenzake lile bao kama aliyeliona kwa macho yake, mikono hewani. Alipofika kwenye shuti akasita, akanitupia jicho. Nikapapasa goti langu la kushoto, naye akaendelea.