Kila kona ilikuwa goli: jinsi timu yetu ya Garissa ilivyojifunza kulinda boksi

Wakuu, habari za jioni. Nawasalimu wote, pamoja na ninyi mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, tunawajua.

Leo nina kisa cha mpira. Nilikuwepo mwenyewe, filimbi shingoni, na wachezaji wangu wawili wamo humu jukwaani. Nikiongeza chumvi watanikaanga mbele yenu, kwa hiyo mtapata ukweli mtupu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Bungoma, kazi ilinileta Garissa miaka kadhaa iliyopita. Wenzangu wengi wa bara wakipangiwa huku wanaanza kutafuta transfer kabla hata hawajafungua begi. Mimi nilianza kutafuta uwanja.

Nikaupata. Mchanga mtupu, nyasi hakuna, vibendera vya kona ni vijiti vyenye mifuko ya plastiki. Vijana wa mtaa walikuwa wakicheza kila siku baada ya swala ya alasiri. Nikawa nasimama pembeni nikipiga kelele, mpaka siku moja wakaniuliza kama najua kufundisha au najua kelele tu. Nikasema yote mawili. Tangu siku hiyo mimi ndiye kocha.

Na timu yetu ni timu, msinichukulie poa. Mbele tuna watoto wa mbio, ukiwapa nafasi kidogo wamekwenda. Katikati tunapiga pasi kwenye mchanga utafikiri tuko kwenye zulia.

Tatizo letu lilikuwa moja tu. Kona.

Wakuu, kona yoyote tuliyopigiwa ilikuwa msiba. Tunaongoza, tunatamba, mashabiki wanaimba, halafu kona moja tu na kelele zinahamia upande wa pili. Mtaa ukatubandika jina, Timu Kona. Nikipita sokoni nanunua nyanya naitwa Mwalimu Kona. Iliniuma sana.

Nikaingia kazini. Tukajaribu man-to-man, kila mtu na wake. Tukafungwa. Tukaja zonal, nikachora mistari mchangani kwa fimbo, wewe simama hapa, wewe hapa. Tukafungwa. Nikaweka watu wawili near post, upande ule kona inakopigwa, na mmoja kwenye kila nguzo. Tukafungwa, tena siku hiyo mara mbili.

Lakini mtu wa hesabu akiangalia kitu mara nyingi huona mpangilio. Magoli yote yalikuwa yakiangukia sehemu ileile, ndani ya six-yard, kile kiboksi kidogo cha mbele ya goli, katikati ya kipa na nahodha.

Sasa niwajulishe hao wawili, maana kisa chote ni chao.

Kipa wetu ni Yusuf. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwendesha boda boda, mikono mirefu, anaruka vizuri ajabu. Shuti la karibu anapangua huku anacheka.

Nahodha ni Bashir, beki wa kati, ana thelathini na zaidi, anauza mifugo sokoni. Akipiga mpira kichwa unasikia mlio mpaka barabarani. Na Bashir ni ami yake Yusuf, adeer kwa Kisomali. Baba yake Yusuf alifariki kijana akiwa mdogo, na Bashir, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemlea.

Basi kona ikipigwa, Yusuf anatoka hatua mbili, anasimama. Bashir anaangalia mpira, anamwangalia Yusuf, naye anasimama. Adui anakuja kuugusa tu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "si ungemhamisha Bashir". Nilimhamisha, mkuu. Nikamweka ukingoni mwa boksi, na katikati tukakosa mtu wa kuruka. Tulifungwa vibaya zaidi.

Hapo ndipo mwenyekiti wa timu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaniita. Alikuwa ameshaongea na kipa mmoja wa Nairobi, mrefu, mzoefu. Akaniambia fainali ya mashindano ya kaunti inakuja, tukifungwa kwa kona hata moja tu, Yusuf aache glavu na yule wa Nairobi aje.

Yusuf alizisikia habari hizo siku ileile, Garissa haina siri. Hakulalamika. Ila kule kucheka wakati wa mazoezi kukaisha, na mimi roho iliniuma kwa sababu huyu kijana nje ya mpira hakuwa na kitu kingine alichokipenda hivyo.

Ukombozi ulikuja siku nimealikwa chakula nyumbani kwa Bashir. Tumekaa mkekani, wali na nyama ya mbuzi, ndizi pembeni kama kawaida ya huku. (Sisi wa Bungoma kula ndizi mbivu na wali bado tunajifunza, mtuombee.)

Simu ya Bashir ikaita chumba cha pili. Yusuf alikuwa hukohuko. Mimi nilitegemea atapaza sauti, "Adeer, simu!" Hapana. Alitoka nayo, akaja mpaka karibu, akainama, akasema kwa sauti ambayo hata mimi niliyekaa kando sikuisikia vizuri.

Nikaacha kutafuna.

Nikakumbuka uwanjani. Yusuf kwa mabeki wengine anabweka mpaka unawaonea huruma. "Toka! Yangu! Rudi nyuma!" Lakini kwa Bashir sijawahi kumsikia. Huyu kijana hakuwa na tatizo la mikono wala la kuusoma mpira. Alilelewa kwamba adeer hapigiwi kelele, unamwendea. Na mpira wa kona hausubiri umwendee mtu.

Kesho yake nikamweka Yusuf kando, nikamwambia ampigie ami yake kelele. Akaniangalia kama nimemtuma akaibe.

"Mwalimu, wallahi, huyo ni baba yangu. Nitabigaje baba yangu kelele mbele ya watu?" (Kisomali hakina P, kwa hiyo "piga" huku inakuwa "biga".)

Nikamwambia jaribu tu mara moja. Kona ikapigwa. Nikamsikia kwa masikio yangu haya: "Adeer, samahani..." Mpira ulikuwa umeshaingia wavuni kabla hajamaliza samahani yake.

Wachezaji walianguka chini kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, kisha nikaona macho ya Yusuf nikanyamaza.

Ikabidi nimwendee Bashir. Tulikaa kwenye kibanda cha chai, nikamweleza yote, pamoja na mpango wa mwenyekiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamaliza chai yake, akaniaga, akaondoka. Nikajua nimeharibu, mgeni kutoka bara ameingilia malezi ya watu.

Mazoezi yaliyofuata Bashir alifika kabla ya wote. Akatukusanya golini. Akavua ndala, akachora mstari mrefu mchangani kwa mguu, kuzunguka six-yard yote. Halafu akaongea Kiswahili, na najua alikitumia ili mimi nisikie.

"Huyu ni kijana yangu. Nyumbani mimi ndiyo mkubwa. Haba ndani, yeye ndiyo mkubwa. Akisema toka, natoka. Asiboongea mimi sitoki, tutafungwa wote, na yeye ataacha glavu. Mimi sitaki aache glavu."

Hakuna aliyecheka.

Kona zikaanza. Bashir akasimama palepale kama ng'ombe aliyegoma, hasogei mpaka aitwe. Yusuf akajaribu. Sauti ilitoka nusu, ikakwama. Tukarudia, na kurudia, mpaka adhana ya magharibi ikatutenganisha. Mazoezi yaliyofuata vilevile. Sauti iliongezeka, lakini ilikuwa bado ni ya mtu anayeomba ruhusa.

Tukaingia fainali hivyo.

Wapinzani walikuwa vijana kutoka Liboi, warefu mpaka unajiuliza wanalala kitanda gani. Na walikuwa wameshasikia jina letu, maana dakika zote walikuwa wakitafuta kona tu. Beki wetu akiutoa mpira wanashangilia kabisa.

Sisi tulitangulia. Mtoto wetu wa mbio aliponyoka, akamzunguka kipa, goli safi. Nilikimbia mpaka katikati ya uwanja, refa akanirudisha kwa onyo.

Kabla ya mapumziko wakapata kona. Yusuf akafungua mdomo, nikaona kabisa, lakini kelele za mashabiki zikammeza. Mpira ukagonga mtambaa panya ukatoka. Nikamtazama mwenyekiti, naye alikuwa tayari anatikisa kichwa.

Mapumziko watu wakaketi kivulini. Maji yakaletwa, na kama desturi nahodha akapewa chupa wa kwanza. Bashir hakunywa. Alisimama, akavuka wachezaji wote, akampa Yusuf kwa mikono miwili, akasimama pale akisubiri amalize ndipo naye anywe. Mbele ya wazee wote wa mtaa.

 Yusuf alikunywa, akamrudishia chupa. Mimi niligeuka nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Kipindi cha pili tulibanwa vibaya. Na mwisho kabisa, refa ameshaanza kuangalia saa, wakapata kona nyingine. Wote wakaja juu, mpaka kipa wao. Boksi likajaa miguu na viwiko.

Mpira ukapigwa juu, upepo ukaushika, ukaanza kushuka palepale. Mahali petu pa msiba. Bashir yuko chini yake, amekaa tayari kuruka.

"YANGU! BASHIR, TOKA!"

Wakuu, jina tupu. Bila adeer, bila samahani. Sauti ilitoka tumboni, na wazee waliokaa kwenye viti vya plastiki waligeuka wote kwa pamoja.

Bashir akainama papo hapo. Yusuf akapita juu yake, ngumi mbili, mpira ukaruka mpaka barabarani kati ya mikokoteni. Filimbi.

Watu walivamia uwanja. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikaniishia, wiki nzima nilifundisha hesabu kwa kuandika ubaoni tu. Lakini Yusuf hakushangilia. Alichuchumaa golini, amejifunika uso kwa glavu, anaona haya. Bashir akamfuata, akamshika kwapani, akamwinua, akamzungusha awatazame mashabiki. Nimefundisha watu wengi vitu vingi, na sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia wale wawili wakati ule.

Mwenyekiti alikuja kunipa mkono. Akasema, "Mwalimu, ule wa Nairobi nitambigia simu. Nitasema nafasi imejaa."

Nilichojifunza ni kwamba zonal na man-to-man zote ni nzuri, zijaribuni, lakini mjue kwanza nani hawezi kumwambia nani toka. Heshima ya watu wa huku ni kitu kikubwa, na sikutaka kuivunja hata kidogo. Ilihitaji mwenyewe aliyepewa heshima aitoe kwa mkono wake, na Bashir aliitoa. Siku hizi nikipita sokoni hakuna anayesema Mwalimu Kona.

Makocha wa mitaani mliomo humu, kwenu kona mnazilindaje? Na vipi mkiwa na baba na mwana, au kaka na mdogo wake kwenye timu moja? Shusheni uzoefu hapa chini, hata wa kunipinga, nina kifua.

Ila hili lazima mlipate. Mama yake Yusuf anaishi Ijara na mifugo yake, na habari zilimfikia kabla hata sisi hatujatoka uwanjani. Akampigia Bashir simu kwa hasira, ni kweli mwanangu amekufokea mbele ya watu?

Bashir alinisimulia mwenyewe, chai mkononi, kifua mbele.

"Nikamwambia, eeh, alinibigia kelele, tena kwa jina. Na Jumamosi iko mechi ingine. Atabiga tena."