Baiskeli Isiyo na Keria

"Keria iko wapi?"

Swali hilo nimeulizwa na muuza nyanya, na mlinzi wa geti la ofisini kwetu, na katekista, na mama mkwe kwa simu, ambaye baiskeli yenyewe hajawahi kuiona. Mtu anatazama baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, breki za diski, matairi mapana yenye meno, halafu anainama kuchungulia nyuma ya siti. Akiinuka ananitazama kwa huruma, kana kwamba nimeuziwa jembe lisilo na mpini. Sijui niwaeleweshe mara ngapi. Sikununua baiskeli ya kubebea mahindi. Nilinunua baiskeli ya kwenda kwa mama.

Mama yangu anaishi juu ya Kapalamsenga, kwenye shamba la mihogo ambalo baba alilifyeka kabla sijazaliwa. Basi linakushusha kijijini, unaligeuzia ziwa mgongo, unaanza kupanda. Njia ni ya miguu, mawe na mizizi mwanzo mwisho, na makorongo yanayobadilika kila masika, hata ukijidai unaijua utakuta haikujui. Bodaboda wanaishia kwenye kijito. "Mama, mimi mwisho hapa," wanasema, na huwezi kuwalaumu.

Tangu baba afariki tumemwomba mama ahamie Mpanda. Kwangu Nsemulwa, huko huko Mpanda, kuna chumba chake, kitanda kimetandikwa, chandarua kimefungwa. "Nitakuja," anasema, kisha anapanda tuta jingine la mihogo. Ana presha, na vidonge vyake mpaka nimpelekee. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilikuwa napanda huko na baiskeli ya baba, ile ya chuma, nzito kama kitanda, iliyokuwa ikitunzwa kwa mama mdogo pale kijijini. Ndiyo hiyo iliyomteremsha baba siku alipozidiwa, amefungwa kwenye keria kwa kitenge cha mama.

Mwaka jana, nikiteremka, gurudumu la mbele liligonga jiwe nikaruka juu ya usukani. Kifundo cha mkono kikavunjika, nikafungwa hogo la plasta. Nilituma vidonge kupitia watu, vingine vikafika, vingine mpaka leo viko safarini. Nilipopona na kupanda tena kwa miguu, nilimkuta mama amekonda. Alikuwa anakata kidonge nusu nusu ili visiishe. Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Mama yangu haombi kitu, anangoja ukione mwenyewe, na usipokiona anakunyamazia.

Hapo ndipo nilipoamua. Mfanyakazi mwenzangu alinionyesha kwenye simu watu wakiteremka milima ya mawe kwa baiskeli zinazonesa kiunoni, nikasema hiyo hiyo.

Muuza baiskeli za mtumba karibu na stesheni alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, springi ya nyuma nene kama mkono wa mtoto.

"Sista, hii chuma ni moto. Springi mbele, springi nyuma, full shangwe!"

Niliipanda nikazunguka uwanjani pake. Kila nikikanyaga pedeli, siti inazama, inapanda, inazama. Nguvu zangu zote zilikuwa zinaishia kwenye springi na baiskeli imesimama pale pale. Nikashika breki ya mbele na kuisukuma: usukani ukacheza, kachakacha. Nikajaribu kuinyanyua, nikairudisha chini haraka. Ilikuwa nzito kuliko ile ya baba.

"Mbona inanesa hivi hata kwenye tambarare?"

"Si ndiyo raha yake hiyo, sista!"

Ya pili ilikuwa ya kijivu, imepauka, imeegemezwa nyuma ya magunia. Aluminiamu, nyepesi, shokapu zake za upepo. Nikiisimamia miguu yangu inafika chini vizuri. Usukani mpana, na breki zinashika kwa kidole kimoja tu, jambo ambalo kwa mkono uliovunjika ni kubwa kuliko rangi zote za dunia. Niliishusha kwenye ngazi za duka la jirani nimeikalia. Ilimeza ngazi zote, kifundo changu hakikusikia kitu. Muuzaji alinicheka waziwazi.

"Hiyo haina kazi sista, nakwambia ukweli. Haipati keria."

Nikaichukua. Kisha nikagundua shokapu ya nyuma inavuja, na pampu ya matairi haiwezi kuijaza, ina pampu yake, na pampu hiyo Mpanda hakuna. Iliagizwa Dar, ikaja na basi. Mume wangu aliikalisha mapajani akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo hii baiskeli inapigwa upepo tairi la mbele, tairi la nyuma, na kiuno?"

Nikaichukua pampu mapajani mwake. Kwenye ndoa kuna siku za kutojibu.

Kwetu huku baiskeli haiingii barabarani kabla haijapita kwa fundi. Inaongezewa nondo kwenye uma wa mbele, inawekwa keria ya chuma ya kubeba gunia, fremu inaviringishiwa mpira wa tyubu, na ikitoka hapo hata kiwanda kilichoitengeneza hakiitambui. Nami, kwa ujinga wangu, niliipeleka kwa fundi wa Nsemulwa anikazie nati tu. Akaibonyeza siti, akaibonyeza tena, akatikisa kichwa.

"Mama, hii imelegea katikati. Tuikaze."

"Haijalegea. Imetengenezwa hivyo."

"Ndiyo, imetengenezwa vibaya. Sio kosa lako."

Niliondoka na nati zangu zikiwa vile vile. Nilikuwa nimechoka kufundishwa baiskeli yangu na watu ambao hawajawahi kuiona njia ya kwa mama.

Safari ya kwanza, lakini, acheni niseme, niliifurahia kama mtoto. Kupanda nilikanyaga sehemu ambazo miaka yote nilikuwa nasukuma. Nilipofika, vidonge vikiwa begani, nilikuwa natokwa jasho na kucheka peke yangu. Mama alikuwa amekaa mlangoni. Siku hizi kutoka mlangoni hadi jikoni anashika ukuta. Aliinuka taratibu, akaizunguka baiskeli, akapapasa nyuma ya siti.

"Keria?"

Na yeye!

"Mama, haina keria. Ina shokapu. Ona." Nikaibonyeza mbele yake.

"Na mtu anakaa wapi?"

"Mtu ni mmoja, mama! Anakaa hapa!" Nikaipigapiga siti kwa kiganja.

"Haya," akasema. Akarudi kukaa, akaniuliza habari za watoto. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa na hakuitaja tena baiskeli. Nilidhani nimeshinda.

Nikaiacha kwa mama mdogo, maana konda wa basi alitaka kuilaza chini ya magunia ya mpunga. Mwezi uliofuata nilishuka Kapalamsenga mapema, nikaenda kuichukua. Uani pa mama mdogo niliinama kuchungulia chini ya siti. Shokapu ya nyuma ilikuwa haipo. Mahali pake, kwenye matundu yale yale ya nati, kimefungwa kipande cha nondo. Na juu yake keria, kubwa, ya chuma, imekazwa kwa mpira wa tyubu, imepakwa hata rangi ya kijani. Baiskeli yangu ilikuwa imekazwa.

Mama mdogo akanipa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na shokapu, imepanguswa vumbi.

"Kifaa chako hiki hapa, hakijapotea."

"Nani kawaambia nyie muiguse?"

"Usinifokee mwanangu. Ni agizo la dada. Alimtuma yule Msukuma jirani yake, anayeshuka kuuza maziwa. Na kuku wa kumlipa fundi akamleta."

Nilipanda ule mlima nikiisukuma, nikiongea peke yangu. Kila sentensi niliipanga. Kwamba sisi watu tukipewa kitu kizuri lazima tukikaze mpaka kife. Kwamba mkono ni wangu na ndio uliovunjika. Kwamba kama anataka kubebewa mihogo aseme mihogo. Nilikuwa na hasira mpaka nikapita pale kwenye korongo kubwa bila kuliona.

Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Jembe limechomekwa juu ya paa. Kuku hawakuwepo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa kitenge chake cha kanisani, na kifurushi kiko miguuni. Yule jirani Msukuma alikuwa amesimama kando na fimbo yake, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

"Umechelewa," mama akasema.

Aliinuka akiushika ukuta, akaja mpaka kwenye baiskeli. Akaitikisa keria kwa mikono miwili. Haikucheza.

"Sasa hii ni baiskeli. Nipandishe, jua halijawa kali."

"Twende wapi, mama?"

"Si kwako? Au kitanda umeshampa mtu?"

Zile sentensi zangu zote zilikatika. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza mtu anakaa wapi. Wewe ukapiga siti."

Nilitaka kulia na nilitaka kugomba, yote kwa pamoja. Tulimpandisha, miguu upande mmoja, kifurushi mapajani. Alijifunga mwenyewe kwenye nguzo ya siti kwa kitenge kikuukuu, nami nilikijua kitenge kile. Jirani akashika nyuma, mimi usukani, kidole kimoja kimoja kwenye breki, tukaanza kuteremka hatua kwa hatua. Mama hakugeuka kuitazama nyumba.

Kila jiwe lilipita kwenye ile nondo likafika kwake moja kwa moja. Nilimsikia akiguna, nikajua kitakachofuata.

"Hii mbona inarusha hivi? Si ulisema ina shokapu?"

Mfuko wa nailoni ulikuwa kwenye begi langu, unanigonga mbavuni.

"Ipo, mama. Nimeibeba mgongoni."

"Sasa huko inamsaidia nani?" akasema. "Angalia mbele, usiniangushe."