Wekundu wa Kisutu cha Mama

Siwema wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, akishaanza kukanda udongo wake wa plastiki, hata ukimvua kiatu mguuni hajui. Huchanganya rangi, huviringisha, hukata, kisha huoka kwenye oveni ndogo, zikatoka hereni. Majirani husema ana jini la rangi, na sitawabishia.

Mwezi huo mdogo wake, Nasreen, alikuwa anaolewa. Alimwomba dada yake kitu kimoja: hereni za rangi ya kisutu cha marehemu mama yao, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi. Kanga yenyewe ilikuwa imechakaa, haivaliki tena. Siwema akaitandaza, akaiga rangi zake, akaoka, akampelekea Bi Fatuma, shoga wa mama, aliyekwenda naye kuinunua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu nione." Bi Fatuma akazisogeza dirishani. "Hii siyo rangi ya kisutu, mwanangu. Mama yako kaianika juani miaka thelathini, we umeiga kilichobaki."

Siwema akarudi amenywea. Akazunguka maduka ya kanga, lakini wekundu wa visutu vipya ulikuwa mwingine kabisa. Harusi Ijumaa, na ile ilikuwa Jumatano. Mchana akajilaza juu ya kanga ya mama. Usingizi ukamchukua nusu, honi za mtaani zikaenda mbali, akamwona mama kizingitini akiupinda ukingo wa kanga kwa sindano ya mkono, akiukunja wekundu kwa ndani, taratibu, kama anayeficha kitu.

Akafumbua macho. Ndani ya mkunjo ule jua halikuwahi kuingia.

Lakini mishono ile ndiyo kazi pekee ya mikono ya mama iliyobaki mle nyumbani. Alishika wembe, akauweka, akaushika tena. Aliogopa, na aliona haya kuogopa uzi. Mwishowe akafumua urefu wa kidole. Wekundu ulikuwa umelala humo, mzito, kama punje ya komamanga. Akakanda udongo hadi jioni, mpaka ukafanana.

Siku ya harusi Bi Fatuma alimshika Nasreen sikio, machozi yakamlenga. "Ndiyo hii," akasema.

Jumamosi asubuhi Siwema alitunga uzi aurudishie ule mkunjo. Hakuhitaji kupima. Matundu ya sindano ya mama yalikuwa bado yapo, akayafuata moja moja.