Kigoda cha Baba Mbele ya Gavana

Nilikwenda Kitui kuchukua kigoda cha marehemu baba. Kilikuwa cha miguu mitatu, chenye nakshi za waya, na nyumbani hakukikalia mtu mwingine. Baba alikiazimisha chuo cha ualimu cha huko kwa ajili ya igizo, akaahidiwa kingewekwa kionekane tu. Kisha akafa. Jumamosi ukoo ungekutana, na mama hakutaka kikosekane.

Asubuhi niliteremka vilima vya Kilungu hadi barabara ya Mombasa, nikapanda basi la Machakos, halafu la Kitui. Vumbi lilinipaka wekundu. Nilifika na rangi ya gavana wa Kizungu.

Saa nane, chuoni, nilimweleza mwalimu wa muziki, Mwingereza mwenye adabu nyingi.

"Pole sana, mzee. Utakichukua tukimaliza. Chifu anakikalia."

"Baba aliahidiwa hakitakaliwa."

"Ni dakika kumi tu."

Dakika kumi, basi. Waingereza wenzake walisema hivyohivyo walipokuja nchini.

Chifu wa igizo alikuwa Mutua, karani wa chuo, kwa sababu wanafunzi wote walikataa kuvaa ngozi. Nilimkuta nje akiifunga juu ya suruali.

"Mwenye kigoda hajambo?" akaniuliza.

"Tulimzika Jumanne."

Mutua akaacha kufunga.

Saa tisa igizo lilianza. Lilitungwa Uingereza enzi za malkia wao wa zamani. Gavana anashuka melini, na wenyeji wa koloni, waliomngoja kwa hamu, wanampa ardhi huku wakiimba. Baba aliishi chini ya magavana. Hakuwahi kututajia nyimbo hizo. Nadhani hakuzisikia vizuri, akiwa anachimba matuta ya lazima.

Gavana, mwanafunzi wa Mwingi aliyepakwa unga, akamwimbia chifu aketi. Mutua alibaki amesimama. Akaimbiwa tena. Alisimama.

"Keti, Mutua," mwalimu akanong'ona kutoka pembeni.

"Mwenyewe alizikwa Jumanne," Mutua akasema kwa Kikamba, bila kupaza sauti.

Wenyeji wakaacha kufurahi. Gavana akavua kofia yake yenye manyoya, akainamisha kichwa. Piano iliendelea peke yake. Mpigaji hakujua Kikamba.

Jioni, basi likiwa limejaa, kondakta aliniambia, "Mzee, si una kiti chako? Kalia."

Nilisimama hadi Machakos, nimekikumbatia.

Jumamosi kilikuwa mahali pake, kitupu. Nilichojifunza Kitui ni kwamba gavana anaweza kuvua kofia. Wale wa kweli, nadhani, walikosa tu mtu wa kuwaambia kuna msiba.