Matuta Kumi na Tisa

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa wanaonifahamu watacheka wakisoma hapa. Nimebeba magunia ya mahindi mgongoni pale sokoni Sumbawanga mpaka nikanunua mashine ya kusaga, mashine ikazaa lori, lori likazaa jingine, na leo nina nyumba tatu mtaani Kizwite zenye wapangaji watumishi wa serikali. Wana vyeti vyao ukutani, kwenye fremu, na bado wananiamkia shikamoo. Mimi niliyeishia darasa la nne. Nimeona lori langu mwenyewe likiteremka kilima bila dereva, likapinda kona vizuri na kujiegesha mbele ya kanisa. Sikushangaa. Niliuliza tu kama breki zimepona.

Lakini masika iliyopita vibarua walikuwa wanalima kiwanja changu cha nyuma, nami nikatoka nje na kikombe cha chai kuwasimamia. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Walikuwa wanakusanya majani mabichi, wanayafunika kwa udongo uliolowa, na ile harufu ikanijia usoni: tamu kidogo, chungu kidogo, kama majani ya chai yaliyosahauliwa ndani ya birika siku mbili. Nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mzee, unaumwa?" akauliza mmoja.

"Mnalipwa kulima au kuuliza?" nikamjibu. Wakaendelea. Mimi wakati huo sikuwa Kizwite tena. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimelala kifudifudi juu ya jiwe, kwenye kilele ambacho hakuna mtu mzima aliyekuwa na haja nacho.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, nieleze kwanza jambo moja. Sisi Wafipa hatuchomi majani ya shamba, tunayafukia. Tunayakusanya, tunayafunika udongo na kufanya tuta la duara ambalo kwa lugha yetu huitwa intumba. Majani yanaozea humo ndani, na msimu unaofuata tuta linatawanywa, ulezi unapandwa. Tuta likiwa bichi huwa jeusi ti katikati ya majani, na ukiwa juu mlimani unaliona kama kifungo cha shati. Tuta la zamani huota nyasi na kufifia. Mtoto yeyote wa Kifipa anajua tofauti hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe wengi wetu hatukuwa navyo.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia kijijini. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa chini ya kilima chake, mbali na wenzake. Ndipo tukahamishwa sote, tukapangwa kwa mstari kando ya barabara, nyumba baada ya nyumba, kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Tuliambiwa tutapata shule, maji na zahanati. Shule ilikuja kweli, nami niliisoma mpaka tulipochokana. Huku nyuma yakabaki mahame: kuta zisizo na paa, miti ya matunda isiyo na mwenyewe, na makaburi. Kurudi kule kulikatazwa. Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa na daftari lenye majina yetu yote, na kila aliyekosekana kwenye shamba la kijiji alitafutwa.

Rafiki yangu aliitwa Kasiano. Alinizidi mwaka mmoja na masikio mawili. Yake yalisimama kama vishikio vya sufuria, na upepo wa kwetu ukivuma tulimwambia ashike mti asije akapaa. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hiyo ilinifaa sana kwa sababu mimi nilikuwa na ya kututosha wote wawili. Nyumbani kwao walikuwa wazazi wake na wadogo zake. Bibi yake, Leokadia, tuliambiwa amekwenda kukaa kwa binti yake upande wa Zambia.

Ni Kasiano aliyeanzisha habari ya kupanda vilele. Jumapili moja baada ya misa aliniambia, "Unakiona kile? Hakuna mtu aliyewahi kufika pale juu."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana."

Maneno hayo yalinitosha. Kufika mahali ambapo hakuna mwingine amefika! Tangu siku hiyo kila Jumapili tulitoka, yeye na mfuko wake wa kitenge begani, mimi na fimbo. Vilima vile havikuwa na msitu wala maji, mbuzi wenyewe waliviogopa, na vingi havikuwa na jina. Tukavipa sisi. Kimoja tulikiita Upara. Kingine Goti. Kimoja kilichonitoa machozi tulikiita Hesabu, kwa sababu nacho kilinishinda mara mbili kabla sijafaulu. Vilele saba, msomaji. Muulize mtoto wa siku hizi kama amepanda hata ngazi.

Nakumbuka nyasi zinazokata miguu, ukungu unaokulowesha bila mvua, na jiwe lililopata jua unavyolikumbatia kama mama. Tulikula viazi vya kuchemsha vilivyopoa, na hakuna hoteli iliyowahi kunipa chakula kitamu hivyo. Wazee walisema huko juu kuna wenyewe wasioonekana, na katekista alisema hakuna wenyewe ila Mungu. Kasiano alipata njia. Tukifika kileleni tulifanya ishara ya msalaba kwanza, kisha tukapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia wakubwa. "Kila upande tumeshausalimia," akasema. "Asiyeitikia ni shauri lake."

Halafu kila mara, tukishakula, alichukua mfuko wake na kuteremka upande wa pili.

"Nakwenda kutega ndege. Wewe baki. Kilele kikiachwa peke yake kinahesabika hakijapandwa."

Nami nikabaki! Nilisimama pale na fimbo yangu kama askari wa lango, kifua mbele, nikilinda mawe. Wakati mwingine alikawia mpaka nikasinzia. Hakurudi na ndege hata mmoja. Nilimcheka sana kwa hilo, nikamwambia ndege wote wa Ufipa wanamjua kwa masikio. Alicheka pia, na mfuko wake ulikuwa mtupu.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshakuwa na lori, ndipo nilipokaa siku moja nikachora njia zile kwa kidole mezani na kuona kitu ambacho sikukiona kwa macho. Vilele vyote saba vilizunguka bonde moja, kama watu wanaoota moto. Na ndani ya bonde lile lilikuwa hame la ukoo wa kina Kasiano.

Siku ninayoisema tulikuwa juu ya Goti. Kasiano alikuwa ameteremka, mimi nimelala kifudifudi kwenye jiwe. Ukungu ukafunguka, bonde likaoshwa na jua, na chini kule kwenye hame nikaona vifungo vyeusi kwenye majani. Sikuwa na la kufanya, nikavihesabu. Kumi na tisa. Nikarudia, kumi na tisa. Nilijipongeza kwa macho yangu makali, nikageukia upande mwingine kutafuta kitu kingine cha kuhesabu.

Kasiano aliporudi alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Umeanguka?"

"Nimeanguka." Akaketi. Alikuwa anahema. Akasema bila kunitazama, "Nikikwambia neno, utalishika?"

"Mimi? Mimi ni kaburi." Na hapohapo nikaanza kumweleza habari ndefu ya jinsi nilivyomtunzia siri kaka yangu aliyekula nyama ya sikukuu, nikaitaja nyama, nikamtaja kaka, nikataja na mahali alipoificha mifupa. Kasiano alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," akasema, "twende, jua linashuka."

Siku chache baadaye tulikuwa shamba la kijiji, watu wazima na watoto. Wakati wa mapumziko vijana wakubwa walianza kunichokoza.

"Eti huyu naye anapanda milima! We mbilikimo, hata tuta la viazi unapandia kwa ngazi."

"Anafika nyuma ya kanisa, anakojoa, anarudi."

Watu wakacheka. Mama yangu mwenyewe alicheka. Damu ikanipanda, nikasimama juu ya rundo la majani ili nionekane.

"Nimefika juu ya Goti! Na kule chini kwenye hame la kina Kasiano nimeona matuta mabichi kumi na tisa!"

Kicheko kilikatika. Katibu aliyetoka wilayani, mtu wa Mbeya aliyekuwa amekaa kivulini na kofia yake, aliendelea kumenya yai. Kwake yeye mtoto alikuwa ametaja namba tu. Lakini wengine wote pale walikuwa Wafipa. Nikaona majembe yamesimama. Mwenyekiti, ambaye naye alizaliwa chini ya kilima kama sisi, alinisogelea na kuinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Kumi na tisa, baba?" akasema kwa upole. "Umehesabu vizuri?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniita baba mbele za watu. "Mara mbili," nikasema. "Na la ishirini limeanzwa, halijaisha."

Ng'ambo ya shamba Kasiano alikuwa ameshika mpini wa jembe. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliye mbali sana.

Asubuhi yake mgambo walikwenda. Walirudi mchana wakimbeba Bibi Leokadia juu ya kitanda cha kamba, blanketi mabegani, mikono yake imeshika kingo pande zote mbili. Hakuwa amekwenda Zambia wala popote. Alikuwa amekaa kule kwenye makaburi ya mumewe na ya watoto wake, akila unga na chumvi alivyopelekewa na mjukuu kila Jumapili, na mjukuu huyo ndiye aliyekuwa anamlimia matuta, kwa sababu mgongo wake haukuinama tena. Ile nyumba waliishusha paa ili asirudi. Alipopitishwa mbele yetu kwenye mstari wa nyumba, wanawake walipiga makofi ya kumsalimia, naye hakuitikia.

Hakuumwa ugonjwa wenye jina. Aliketi mlangoni kwa mwanawe akitazama barabara, akakataa chakula polepole, leo nusu, kesho robo. Ulezi ulipoanza kukomaa tulimzika kwenye makaburi mapya ya kijiji. Alikuwa wa tatu pale, na wawili waliomtangulia hawakuwa wa ukoo wake.

Baada ya mazishi nilimfuata Kasiano nyuma ya nyumba yao. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Nikasema, "Mimi sikujua." Na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa kiume, maana tuta bichi nilikuwa nalijua. Sikufikiri, hilo ni kweli. Lakini kujua nilijua.

Akanijibu sentensi moja: "Ungesema mia, wangedhani unatunga."

Mwaka uleule baba yake alihamisha familia, wakashuka ziwani. Nilikwenda Goti peke yangu mara moja, nikakaa juu ya jiwe, nikakuta hakuna cha kulinda.

Kilichoniuma sana nilikielewa nikiwa na ndevu. Mtoto mmoja akitoka kijijini kila Jumapili na mfuko, ataulizwa anakwenda wapi. Watoto wawili wanaocheza hawaulizwi, hasa mmoja wao akiwa mpiga kelele anayemtangazia kila mtu kwamba wanakwenda mlimani. Kelele zangu ndizo zilizomlisha yule bibi muda wote ule, kabla hazijamtoa. Sasa najiuliza: je, nilikuwa rafiki, au nilikuwa kisingizio? Vile vilele alivipenda kama nilivyovipenda mimi, au vilikuwa njia tu?

Ndiyo maana, siku tatu baada ya ile harufu ya Kizwite, nilipanda gari kwenda Wampembe. Barabara ile ya kuteremka ziwani inamtoa mtu kiburi, nami ninacho cha kutosha. Niliuliza, nikaelekezwa. Alikuwa anauza migebuka, samaki wakavu wa ziwani, mbele ya nyumba yake, amenenepa kidogo, mvi kichwani, masikio yaleyale. Nikasimama mbele ya meza yake. Nilikuwa nimevaa koti langu zuri.

"Kasiano," nikasema, nikamtajia jina langu na la baba yangu.

"Karibu," akasema. "Habari za safari?"

"Nzuri. Nimekuja kwa ajili ya bibi." Nikayasema yote, mbele ya wateja, bila kupunguza, hata ile ya kujua nilijua. Sijawahi kusema maneno ya kujishusha mengi hivyo maishani. Mwisho nikamwuliza, "Ile milima, Kasiano. Uliipenda na wewe?"

Aligeuza samaki mmoja, akamweka sawa na wenzake.

"Milima ipi?" akasema. Kisha kwa sauti ileile ya heshima aliyokuwa akitumia kwa kila mtu pale: "Hawa ni wa juzi, mzee, wamekauka vizuri. Nikufungie fungu zima?"

Nikasema anifungie. Sikuomba apunguze. Nilitoa noti mbili za elfu kumi, nikamwambia inayobaki akae nayo. Akaniomba nisubiri, akaingia ndani, akatoka na chenji na kunihesabia yote mkononi, noti moja moja, mpaka ile mia tano ya mwisho, akanishukuru kwa kununua na kumgeukia mama aliyekuwa nyuma yangu. Fungu lile nililipata kwa bei ya mtu yeyote, shilingi elfu kumi na nne na mia tano.