Hatua Sabini za Gibson

Mwaka 1998 pale Ihanda, heka ilikuwa hatua sabini kwa sabini, na hatua zenyewe zilikuwa za Gibson. Mwenye shamba alitaka kupimiwa na mfupi, mkodishwaji alitaka twiga. Gibson alikuwa wa kati, basi akawaudhi wote sawasawa. Alishaapa kwamba akipoteza hesabu mara moja tu, kazi anaacha.

Siku moja alimpimia Tabita heka ya kukodi kwenye shamba la Lusubilo.

"Umepotea, fundi!" Lusubilo akamchokoza. Gibson akazidi kuhesabu kwa sauti.

Ghafla mama mkwe wake akatokea na mzigo wa kuni. Kimila hawatazamani. Gibson akachuchumaa papo hapo, akajifunika koti kichwani mpaka apite. Alipoinuka, namba imeyeyuka.

Lusubilo akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Kazi kwaheri, baba!"

Mama mkwe akasimama mbele, mgongo kwao. "Tabita, mwambie mume wa binti yangu alikuwa hamsini na nane. Anahesabu kama anagombana na mtu, nani hasikii?"

Gibson akatazama pembeni kwa adabu, akanyanyua mguu.

"Hamsini na tisa!"